Lami ya Garsen hadi Lamu: Samaki Wamepata Njia, Mvuvi Je?



Safari hii tunavuka mpaka kwenda pwani ya kaskazini ya Kenya. Tunaitazama barabara moja tu, ile inayotoka Garsen, mji ulio bara karibu na Mto Tana, ikapita Witu na kufika Mokowe. Hapo gari huishia, mbele ni maji. Ng'ambo ni kisiwa cha Lamu, ambako mizigo hubebwa na punda na mabega ya watu, maana mji ule wa kale haukujengwa kwa ajili ya motokaa.

Kwa miaka mingi barabara hiyo ilikuwa ya udongo. Masika yakiingia, magari yalizama kwenye tope, na samaki hawajui kusubiri. Bahari nayo ina kalenda yake. Kusi ikivuma, tangu Aprili hadi karibu Septemba, bahari ya nje huchafuka na vyombo vidogo hujificha nyuma ya visiwa. Kaskazi ikiingia ndipo watu wa Kizingitini, Faza na Kiunga hupata samaki na kamba wa kutosha. Basi mvuvi ana miezi michache ya kupata riziki ya mwaka mzima, na katika miezi hiyo gari likikwama njiani, hasara ni yake.

Lami ilitandikwa mwishoni mwa miaka ya 2010 na kumalizika mwanzoni mwa miaka ya 2020, zaidi ya kilomita 100. Kazi hiyo haikuwa ya mchezo. Mwezi wa Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani, si mbali na njia hiyo. Januari 2020 basi lilishambuliwa Nyongoro na abiria wakafa. Mabasi yalikwenda kwa misafara, polisi mbele na nyuma. Kibarua wa barabara hakuwa na msafara, yeye alishinda pale pale na koleo lake.

Hapa tuseme jambo ambalo vibarua wengi hawaambiwi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haiwezi kwisha kabla ya miezi mitatu, hahesabiwi tena kuwa wa kutwa. Anastahili haki za mwajiriwa wa mwezi. Barabara ya kilomita 100 haiishi kwa miezi mitatu, hilo hata mtoto analijua.

Sasa turudi kwa mvuvi. Lami imefupisha safari, barafu inafika kabla haijayeyuka, wanunuzi wa Malindi na Mombasa wanakuja wenyewe. Hayo ni mema na hatuyakatai. Lakini mvuvi wengi wao hana chombo. Hukopa nyavu, mashine na mafuta kwa tajiri, na mkopo una sharti: samaki wote wauzwe kwa tajiri huyo, kwa bei anayoitaja yeye. Gari likitembea kwa saa tano badala ya kumi, faida ya zile saa tano inaingia kwa mwenye gari na mwenye barafu. Deni la nyavu liko pale pale. Wenzetu wa mkonge wanalielewa hili bila kuelezwa. Mkulima mdogo hukata majani yake, lakini kama hana korona hana katani, na majani yaliyokatwa hayangoji. Mwenye korona ndiye hupanga bei.

Ndiyo maana tunalipa uzito jambo jingine lililotokea huko huko. Machi 2012 marais wa Kenya na Sudani Kusini pamoja na waziri mkuu wa Ethiopia walizindua mradi wa bandari kubwa ya Lamu, pamoja na barabara na reli za kwenda nchi hizo. Sakafu ya bahari ikachimbwa, mikoko ikakatwa, maeneo ya kuvulia yakafungwa. Wavuvi hawakuridhika na ahadi za ajira. Walikwenda mahakamani wakiwa kundi, na mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Malindi ikaamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na haki zao zilivunjwa. Wavuvi wapatao 4,600 walipewa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76. Ukigawa sawasawa, ni kama shilingi 380,000 kwa mtu. Hakuna mvuvi mmoja mwenye dau lake ambaye angeshinda kesi ya namna hiyo peke yake. Serikali ilikata rufani, kisha pande mbili zikazungumza nje ya mahakama, sehemu ilipwe kwa fedha na sehemu kwa vifaa vya uvuvi. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na malipo ya wavuvi bado yalikuwa yakivutwa.

Mto nao haukusoma mikataba. Mwishoni mwa 2023 na tena masika ya 2024 maji ya Tana yalifunika barabara karibu na Lango la Simba, lami na yote, na Lamu ikakatika na bara.

Kwa nini tunawaletea habari hizi? Kwa sababu mwaka 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za barabara ya pwani kutoka Malindi hadi Bagamoyo, nayo kwetu inapita Tanga na Pangani, penye mashamba ya mkonge na madau ya wavuvi. Ndugu wa matawi ya huko waanze kuuliza wakati greda bado liko kazini: vibarua wana mikataba ya maandishi au majina kwenye daftari la nyapara tu? Kiwanda cha barafu kitakuwa cha nani? Na kwenye mwalo, mzani wa samaki unashikwa na nani?