Majibu ya Zebaki ni Haki ya Mwenye Damu

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ambako wachimbaji wadogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki kisha huichoma ili zebaki iruke kama mvuke, na ambako miamba yenye dhahabu huweza kubeba pia arseniki ya asili, vipimo vinavyozungumzwa hadharani mara nyingi ni vya mazingira. Mwaka 2009, kwa mfano, ripoti iliyoandaliwa kwa ajili ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania ilieleza viwango vya metali nzito na sayanaidi katika udongo, mashapo na maji ya maeneo yanayouzunguka mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara. Matokeo ya mto ni ya umma. Matokeo ya damu, mkojo au nywele ni ya mtu mmoja, naye ndiye anayestahili kuyapata kwanza.

Tofauti hiyo si ndogo. Utafiti wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO) wa mwaka 2003 kuhusu Rwamagasa, mkoani Geita, ulipima watu 211, na kati ya wachomaji 99 wa dhahabu, 25 walionekana kuwa na dalili za sumu ya zebaki. Takwimu kama hiyo humfaa sana mpanga sera, lakini mchomaji aliyetoa mkojo wake haimwambii kama yeye ni mmoja wa wale 25.

Namba tupu nayo haitoshi. Zebaki ya mkojo, inayopimwa kwa mikrogramu, yaani sehemu ya milioni ya gramu, huonyesha hasa mvuke uliovutwa katika miezi michache iliyopita, ilhali zebaki ya damu hupandishwa pia na ulaji wa samaki, na arseniki ya mkojo huhusu siku chache tu. Wataalamu wa Ujerumani huhesabu kwamba zebaki ya mkojo iliyo chini ya mikrogramu 7 kwa lita haitii wasiwasi, na inayozidi 25 hudai hatua za haraka. Anayekuwa katikati huhitaji kupimwa tena na kutafutiwa chanzo.

Hapo ndipo penye ugumu mkubwa, kwa sababu kipimo cha mwili hueleza kiasi bila kutaja kilikotoka: kwenye mgodi mkubwa, kwenye mwamba wa kisima au kwenye karai la kuchomea dhahabu nyuma ya nyumba. Mahali penye migogoro ya muda mrefu kati ya vijiji na mgodi, mtafiti asiyelisema hilo waziwazi huwaachia watu ushahidi wasioweza kuutetea. Ni muhimu vilevile majibu yasisomwe mbele ya mwenyekiti wa kijiji wala kukabidhiwa mume kwa niaba ya mke, bali yaelezwe faraghani, kwa Kikurya au Kingoreme inapobidi, pamoja na jambo linalowezekana kufanywa, kama vile kutumia retoti, chombo kinachonasa mvuke, na kuacha kuchomea nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeimarisha haki hiyo ya mtu juu ya taarifa zake.

Kwa mjamzito, majibu yanayofika baada ya kujifungua yamechelewa, kwa kuwa zebaki hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Kwa hiyo gharama za maabara, usafiri na mhudumu wa kurudisha majibu zinapaswa kuandikwa katika bajeti ya utafiti tangu pale ombi linapopelekwa kwenye kamati ya maadili, kabla tone la kwanza la damu halijachukuliwa.