Bahati Nasibu, Kura na Droo katika Usemi wa Kibera na Kawangware

Istilahi bahati nasibu imeundwa kwa nomino mbili zenye asili mbalimbali. Bahati latokana na neno la Kiajemi bakht, lililopitia Kiarabu. Nasibu ni la Kiarabu, na maana yake ya msingi ni fungu, yaani sehemu aliyogawiwa mtu. Waarabu wenyewe huuita mchezo huu yanasib, ambalo kwa asili ni mwito: "Ewe fungu!" Kwa hiyo nasibu si kisawe cha bahati kilichoongezwa kwa ajili ya mkazo. Fungu lina mgawaji; bahati yaweza kukosa.

Nchini Tanzania istilahi hii ilipata hadhi rasmi katika jina la Bahati Nasibu ya Taifa. Nchini Kenya tiketi za Kenya Charity Sweepstake ziliuzwa kwa jina la Kiingereza, na huenda ndiyo sababu mkazi wa Kawangware husema droo upesi zaidi. Droo hilo hilo pia ni sare ya mpira, lakini kitenzi huondoa utata: timu hutoka droo, kampuni huchezesha droo. Mnunuzi wa tiketi naye husemwa kuwa anacheza, ijapokuwa kazi yake ni kulipa na kungoja.

Utata mkubwa umo katika kura. Maana yake ya awali, kama ilivyo qur'a ya Kiarabu, ni uamuzi wa kubahatisha. Ndivyo Biblia ya mwaka 1952 inavyolitumia Mathiya anapochaguliwa kushika nafasi ya Yuda. Maana ya uchaguzi wa kisiasa ni upanuzi. Akina mama wa vyama vya kuchangiana fedha wangali na maana ya kale: huokota kura ili kujua nani atangulie kupokea.

Mwaka 1966 Kenya ilipotunga sheria ya michezo ya kamari, haikuwa na haja ya kupambanua haya kwa Kiswahili. Haja ilionekana mwaka 2016, nyumba 822 za Soweto East, Kibera, zilipogawiwa wakazi kwa kura. Mwandishi akiandika kwamba wakazi "walipiga kura", msomaji atadhani wameamua, kumbe wameamuliwa. Akiandika "bahati nasibu", atakuwa ameigeuza stahili ya mkazi kuwa zawadi ya mchezo. Kuokota kura, usemi wa akina mama wale, ndio unaofaa, nao wastahili kuingizwa katika kamusi.