Mgonjwa Ana Neno Lake

Fikiri uko Birere, kule Goma, karibu na mpaka wa Rwanda. Bwana yako amerudi toka machimbo, mwili moto, anatapika. Unamfikisha kwa munganga. "Baba, inauma wapi? Tangu siku ngapi?" Anaandika dawa, anaita mwingine. Bwana yako hakusema alikotoka, wala nani aliugua kule, wala dawa ya miti aliyokunywa. Hakukosa neno. Hakuulizwa tu.

Usizani ni jambo dogo. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini. Mwisho wa Julai 2019 mchimba zahabu aliyetoka Ituri alikufa nayo Goma. Aliugulia nyumbani siku kadhaa mbele ya kujulikana; bibi yake na mtoto wakaambukizwa. Ugonjwa ulipotangazwa kuisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu 2287.

Kwa nini wengi walijificha? Watu wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba, wakaandika maneno ya raia kama yalivyosemwa. Wengi waliogopa kwamba anayeingia kule harudi, tena kwamba viungo vya maiti vinaibiwa. Maneno hayo hayakuchekwa. Mifuko ya maiti ikawekwa plastiki ya kuonyesha ndani, jamaa wakamwona ndugu yao. Kule Beni, wagonjwa wakalazwa katika vyumba vya plastiki inayopitisha macho. Mama akamwona mtoto wake bila kumgusa. Hofu ilisikilizwa, kazi ikabadilika.

Munganga Arthur Kleinman wa Marekani aliandika juu ya jambo hili kitabu kizima, mwaka 1988. Anafundisha kwamba munganga anaona ugonjwa katika mwili, lakini mgonjwa anaishi mateso yake: deni, haya, woga. Basi aulizwe: Wewe unazani ugonjwa ulitoka wapi? Kwa nini ulianza wakati ule? Unaogopa nini zaidi?

Na wewe wa jamaa je? Mwaka 1978 John Janzen, aliyechunguza mambo haya Bas-Congo, alionyesha kwamba kwetu mgonjwa hatafuti dawa peke yake. Jamaa wanakaa, wanashauriana, wanaamua. Ni vizuri. Lakini mara ngapi tunajibu pahali pake, naye ananyamaza?

Mama, baba, fanya hivi. Mbele ya kutoka nyumbani, keti na mgonjwa, umwache aseme mpaka mwisho. Andika kwenye karatasi: ugonjwa ulianza lini, alitoka wapi, alikunywa nini. Kama hajui kusoma, mtoto wa shule aandike. Munganga asipouliza, mwambie kwa heshima: "Munganga, kuko neno lingine." Na siri uliyosikia, usiipeleke sokoni.

Yesu aliona wazi kwamba Bartimayo ni kipofu. Hata hivyo alimuuliza kwanza anataka nini. Sisi ni nani tusiulize?