Programu Mpya katika Kompyuta Kongwe

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza kutumika Uganda mwaka 2020, ukiwa na Kiswahili ndani yake. Wanafunzi wetu wanaokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha huweza kukuta shuleni kompyuta zenye Windows XP au Windows 7. Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Je, mashine hizo bado zinafaa?

Kwanza tueleze kwa nini programu mpya hukataa kufunguka. Programu haijitegemei, huuomba mfumo endeshi uifungulie faili au uichapie karatasi. Mfumo huo tuufananishe na kamusi. Ukitafuta neno tovuti kwa maana ya intaneti katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, hutaipata, kwa kuwa jambo lenyewe halikuwapo. Vivyo hivyo, programu ya leo huomba huduma ambazo XP haizijui. Aidha, programu ya biti 64 haifanyi kazi katika mfumo wa biti 32.

Njia ya kwanza ni kutumia toleo la mwisho linalokubaliwa na mfumo uliopo. Kwa XP, toleo hilo ni LibreOffice 5.4, ambalo hufungua pia faili za docx. Kwa upande wa vivinjari, XP iliishia Firefox 52. Hata hivyo, matoleo hayo hayarekebishwi tena dhidi ya virusi. Kwa hiyo mashine ya XP ibaki ya kuandalia masomo tu. Tusiitumie kwa benki wala barua pepe.

Njia ya pili ni kubadili mfumo wenyewe. Debian 12 ya mwaka 2023, ambayo ni ya bure, ndiyo Debian ya mwisho yenye kisakinishi cha biti 32.

Tahadhari: kusakinisha mfumo mpya kunaweza kufuta kila kilichomo. Tunawasihi walimu na wanafunzi wanakili tasnifu, maswali ya mitihani na alama katika flashi mbili, kisha wazifungue kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha zinasomeka. Kompyuta hununuliwa tena. Utafiti wa miaka miwili haununuliki.