Lishe ya Mafuta kwa Kifafa Kisichosikia Dawa

Kufunga kula ni tiba ya kale ya kifafa. Mwaka 1911 madaktari wawili wa Paris, Guelpa na Marie, walieleza jinsi wagonjwa wao walivyopata nafuu walipoacha kula kwa siku kadhaa. Nafuu hiyo ilikuwa na kasoro kubwa ambayo mwanafunzi yeyote ataitambua mara moja: hakuna awezaye kufunga daima, seuze mtoto anayekua.

Mwaka 1921 Daktari Russell Wilder wa Kliniki ya Mayo, katika mji wa Rochester nchini Marekani, alitoa wazo la kuukwepa mkwamo huo. Mtu anayefunga huunguza mafuta ya mwili wake mwenyewe. Mtu anayekula mafuta mengi na wanga kidogo sana naye huunguza mafuta. Je, haiwezekani basi mwili ukae katika hali ya njaa huku tumbo limeshiba? Chakula cha namna hiyo Wilder alikiita lishe ya ketoni.

Ili kulielewa wazo hili, hatuna budi kuutazama ubongo. Kiungo hiki hakina akiba kubwa ya nishati. Kwa kawaida hutegemea glukosi iletwayo na damu. Wanga ukikosekana, asidi za mafuta haziwezi kushika nafasi hiyo moja kwa moja, kwa kuwa nyingi kati yake hazipenyi kwa urahisi kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Hapo ndipo ini linapoingilia kati. Huzivunja asidi za mafuta na kutengeneza ketoni, ambazo hupenya na kuunguzwa badala ya glukosi. Mojawapo ya ketoni hizo ni asetoni, ile ile iondoayo rangi ya kucha, na ndiyo maana pumzi ya mtoto aliye katika lishe hii huwa na harufu kama ya matunda yaliyoiva mno.

Katika namna kali ya lishe hii, kila gramu 4 za mafuta huandamana na gramu 1 tu ya protini na wanga kwa pamoja. Na tupige hesabu. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9 hivi, na gramu moja ya protini au wanga hutoa 4. Kwa hiyo mafuta yanatoa kilokalori 36 katika kila 40, yaani asilimia 90. Katika kanuni iliyoandikwa na Daktari Peterman wa Mayo katika miaka ya 1920, wanga ulikuwa gramu 10 hadi 15 kwa siku. Takriban robo tatu ya uzito wa unga wa mahindi ni wanga. Basi gramu 20 za unga, yaani matonge mawili matatu ya ugali, zingemaliza mgao wa siku nzima.

Mwaka 1938 ilipatikana dawa ya fenitoini, na lishe ikawekwa kando. Si ajabu: kumeza kidonge ni rahisi kuliko kupima siagi kwa mizani kila mlo. Lakini takriban theluthi moja ya wagonjwa wa kifafa hawatulizwi na dawa. Mtoto wa namna hiyo aweza kuanguka mara nyingi kwa siku, na masomo yake hukatikakatika. Ikiwa dawa mbili zilizochaguliwa na kutumiwa ipasavyo zimeshindwa, matumaini ya kwamba ya tatu itafaulu ni madogo.

Mtoto wa mtengeneza filamu Jim Abrahams wa Marekani alikuwa mmojawapo. Dawa na upasuaji havikumsaidia. Baba yake alisoma habari za lishe hii, akampeleka Johns Hopkins, Baltimore, ambako ilikuwa bado inatumika, na mashambulio yakakoma. Mwaka 1997 Abrahams alitoa filamu juu ya mkasa wa namna hiyo, na lishe iliyokuwa karibu kusahauliwa ikajulikana tena.

Hata hivyo mkasa mmoja si ushahidi. Ushahidi ulikuja mwaka 2008 kutoka hospitali ya Great Ormond Street, London. Watoto 145 wenye umri wa miaka 2 hadi 16, ambao dawa zisizopungua mbili zilikuwa zimewashinda, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilianza lishe. La pili lilisubiri likiendelea na matibabu yake ya kawaida. Baada ya miezi 3, asilimia 38 ya kundi la lishe walikuwa wamepunguziwa mashambulio kwa zaidi ya nusu. Katika kundi la pili walikuwa asilimia 6 tu. Mwanafunzi makini atauliza kama wazazi walijua mtoto wao yumo kundi lipi. Naam, walijua, kwani haiwezekani kumficha mtu chakula anachokipika mwenyewe. Hata hivyo tofauti hiyo ni kubwa mno kudharauliwa.

Kwa nini ubongo unaolishwa ketoni hutulia? Nadharia ni kadhaa, na hakuna iliyozishinda nyingine. Jambo moja li wazi: wapo watoto waliozaliwa na hitilafu katika protini ipitishayo glukosi kuingia ubongoni, ugonjwa ulioelezwa na De Vivo na wenzake mwaka 1991. Ubongo wao huona njaa ilhali damu imejaa sukari. Kwao ketoni ni chakula kupitia mlango wa pili.

Lishe hii si ya kujaribiwa nyumbani. Yaweza kuleta mawe ya figo, kufunga choo, ukosefu wa vitamini na kudumaa, na kwa mtoto ambaye mwili wake hauwezi kuunguza mafuta yaweza kuua. Vipimo vya damu hutangulia, daktari na mtaalamu wa lishe husimamia, na dawa haziachwi kiholela. Tena, katika nchi zetu wagonjwa wengi hawajapata hata dawa ya kwanza. Kwao haja ya leo ni kidonge, wala si mizani ya siagi.

Kwa kawaida mtoto hukaa katika lishe kwa miaka 2 hivi, kisha huirudia taratibu milo ya wenzake, na wengi huendelea kuwa na nafuu. Katika muda huo sukari hujificha mahali pasipotazamiwa, hata katika dawa ya maji ya kikohozi. Peremende moja aliyopewa na rafiki wakati wa mapumziko yaweza kuzishusha ketoni katika damu, na kifafa kikarudi kabla ya kengele ya kwenda nyumbani.