Reli Inayopindika: Kufundisha Tao la Duara kwa Njia ya Garimoshi la Mfano

Mzingo wa duara ni mada ambayo aghalabu hufundishwa kwa kanuni tupu. Mwalimu huandika ubaoni pai mara kipenyo, watoto hunakili, na mtihani ukishapita kanuni husahaulika. Makala haya yanakusudia kumweleza mwalimu mwanafunzi kazi moja inayoipa kanuni hiyo maana, yaani kusanifu njia ya garimoshi la mfano kwa programu ya kompyuta. Huko Uingereza, Ujerumani na Marekani kazi hii ni burudani ya watu wazima, na wako wanaoitengea chumba kizima nyumbani. Mimi naileta hapa kwa ajili ya hesabu zilizomo.

Tuanze na uwiano. Reli ya kawaida ya Ulaya ina upana wa milimita 1,435 baina ya vyuma vyake viwili. Skeli ijulikanayo kama HO ni 1 kwa 87; basi 1,435 ikigawanywa kwa 87 tunapata milimita 16.5, na huo ndio upana wa reli ya mfano. Skeli ya N ni 1 kwa 160, na reli yake ni ya milimita 9. Waingereza wana skeli yao ya OO, takriban 1 kwa 76, lakini huiendesha juu ya reli ile ile ya milimita 16.5. Waulize watoto kama hesabu hiyo inakubali. Haikubali, ilipasa iwe karibu milimita 19. Hapo darasa litagundua lenyewe kwamba mabehewa ya Kiingereza ni mapana mno kwa njia yake, kasoro ambayo imevumiliwa kwa miaka mingi. Wapatie pia reli ya TAZARA, yenye upana wa milimita 1,067, waitafutie skeli itakayoifaa njia hiyo hiyo ya milimita 16.5. Jibu ni karibu 1 kwa 65.

Reli za mfano ni za namna mbili. Ya kwanza ni vipande vigumu vyenye tao lililokwisha kukatwa kiwandani. Kipande cha kawaida cha Kiingereza kina nusu kipenyo cha milimita 438 na pembe ya nyuzi 45, na vinane vyake hufunga duara. Hivi havihitaji fikira nyingi, kwani hupangwa kama matofali. Namna ya pili ni reli inayopindika, ambayo huuzwa kwa urefu wa milimita 914, yaani yadi moja. Mataruma yake ya plastiki yameachana kidogo upande mmoja, hata msanifu aweza kuikunja kwa tao lolote alipendalo. Uhuru huo ndio unaoleta haja ya kupima na kukokotoa kabla ya kukata.

Programu za kazi hii zipo kadhaa. XTrackCAD hupatikana bila malipo yoyote; AnyRail huruhusu vipande 50 bure, na zaidi ya hapo hununuliwa. Msanifu huchora kwanza ukubwa wa meza, kisha huweka mahali reli zinapogawanyika, maana hizo hazipindiki, na mwisho huunganisha ncha kwa reli inayopindika. Programu humwonyesha nusu kipenyo cha kila tao na urefu wake, na aweza kuiwekea kiwango ambacho tao lisiwe kali kupita hapo.

Hapa sina budi kusimulia kosa langu mwenyewe. Katika mazoezi ya kufundisha tulipata zawadi ya reli chache zinazopindika, na kikundi changu kilisanifu njia yenye umbo la yai. Kila upande ulikuwa na nusu duara yenye nusu kipenyo cha milimita 580. Kompyuta ilitupa urefu wa takriban milimita 1,822. Reli mbili zina jumla ya milimita 1,828. Tukafurahi kwamba zatosha na kusalia, na mbele ya darasa la saba nikatamka kwamba kompyuta haikosei. Tulipopigilia misumari, chuma cha nje kilipungua milimita 20, na chuma cha ndani kikachomoza nje ya mataruma. Mtoto mmoja akauliza kwa adabu, "Mwalimu, sasa nani amekosa?"

Kompyuta haikukosa, wala haikuulizwa swali lililotupasa kuuliza. Ilipima mstari wa katikati ya njia, ilhali garimoshi hupita juu ya vyuma viwili. Chuma cha nje kina nusu kipenyo cha 580 na 8.25, yaani milimita 588.25, na nusu duara yake ni karibu 1,848. Cha ndani ni 571.75, na nusu duara yake ni karibu 1,796. Tofauti yao ni milimita 52. Kwa kuwa vyuma vyote viwili vilikuwa na urefu sawa kiwandani, cha nje ndicho kinachoamua kama reli itatosha. Tulipopunguza nusu kipenyo hadi 570, chuma cha nje kilihitaji takriban 1,817 tu, na kazi ikafaulu.

Sehemu inayostahili kipindi kizima ni ile 52. Wape watoto nusu kipenyo cha 400, cha 570, na cha 2,000. Kila mara tofauti ya nusu duara itakuwa ile ile, kwani ni pai mara upana wa njia, na ukubwa wa tao haumo. Wengi hawatasadiki mpaka wakokotoe wenyewe, na mwalimu asiwaharakishe. Kisha wakokotoe reli ya kweli ya milimita 1,435: nusu duara hutofautiana kwa mita 4.5, liwe tao la kilima kidogo au la bonde zima.

Shule isiyo na kompyuta wala reli hizo isikate tamaa. Kata vipande vya boksi gumu viwe mataruma, toboa matundu mawili kwa kila kimoja, yote kwa nafasi sawa, kisha pitisha nyaya mbili za breki ya baiskeli zenye urefu mmoja. Funga nyaya upande mmoja tu. Ukiikunja zana hiyo juu ya duara lililochorwa kwa chaki sakafuni, waya wa ndani utachomoza mbele ya macho ya watoto, nao wataupima kwa rula. Kwa nusu duara na matundu yaliyoachana sentimita 7, wategemee sentimita 22.

Kwa wenye kompyuta, neno moja juu ya kuchapa. Programu hizi huweza kutoa mchoro kwa ukubwa kamili katika karatasi nyingi za kuunganishwa, lakini mashine ya kuchapa mara nyingi hupunguza mchoro ili uenee katika karatasi. Chapa kwanza mstari wa milimita 100 na kuupima. Ukitoka 97, rekebisha mashine kabla hujakata reli hata moja.