Sahani ya Udhia Tegeta

Kila tarehe 10 ya Mfungo Tatu, mahujaji wakiwa Mina, huku Tegeta sahani za nyama ya udhia hupita ua hadi ua. Katika mji huu, ambao kiwanda cha saruji cha Wazo kimeuletea watu wa dini zote, jirani anayezipokea aghalabu ni Mkristo.

Watoto wake huuliza sababu ya kuchinja, nasi, kwa kuogopa mabishano, hujibu juu juu. Hilo ni kosa. Waambiwe kwamba Nabii Ibrahimu ni wetu sote. Kwamba Biblia, Mwanzo sura ya 22, yamtaja Isaka, ilhali Kurani, katika Sura ya As-Saffat, haimtaji mwana yule kwa jina, na Waislamu wengi husema ni Ismaili. (Chuoni tuliikariri sura hiyo bila kuelezwa hayo.)

Krismasi jirani huniita nimchinjie mbuzi wake, ili sote tule. Desturi hiyo hiyo ndiyo iliyogombaniwa mwaka 2013 huko Buseresere, Geita, hata mchungaji akauawa. Krismasi iliyopita nilimwita mwanawe asimame kando yangu, aulize yote ayatakayo.